Maneno ya Kamati ya Wakimbizi katika Kikao cha Kuwakumbuka Ndugu wa Mudende, Kanama



Kwa watoto waliozaliwa baadaye, tueleze kidogo. Kambi ya Mudende ilikuwa hapa karibu, wakati sehemu hizi zikiwa katika mkoa wa Gisenyi. Walikaa humo Wakongomani, wengi wao kutoka Masisi. Katika mwaka 1997 ilishambuliwa usiku mara mbili na waasi walioitwa abacengezi: mwezi wa Agosti, wakafa watu zaidi ya 100, na mwezi wa Desemba, wakafa mamia. Waliosalia walipelekwa Byumba, katika kambi ya Gihembe.

Ni hiyo mara ya pili inayotuumiza zaidi. Mara ya kwanza mtu aweza kusema tulishtukizwa. Lakini kati ya Agosti na Desemba kulikuwa na zaidi ya miezi mitatu, na kambi ilibaki palepale karibu na mpaka. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika wa mwaka 1969, katika kifungu cha 2, ulikwisha kusema kwamba kwa ajili ya usalama wakimbizi wakalishwe, kadiri inavyowezekana, mbali vya kutosha na mpaka wa nchi waliyoikimbia. Gihembe ilipatikana baada ya mazishi.

Hatari nayo haiji na bunduki peke yake. Majirani wa Kanama wanaujua mto Sebeya kuliko sisi. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua ilishusha milima, mto ukaingia majumbani, na katika nchi walikufa watu zaidi ya 130. Rubavu ilipigwa vibaya. Miaka miwili kabla, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo ililipuka na watu wa Goma wakavuka mpaka usiku na magodoro kichwani. Kituo cha Goma kinachochunguza volkano kilikuwa kimepungukiwa na fedha tangu msaada wa Benki ya Dunia ulipokwisha mwaka 2020. Na mwezi wa Januari 2025 mabomu ya vita vya Goma yaliangukia Gisenyi yakaua raia.

Je, serikali ina nini? Inayo mengi, tukubali. Iko wizara nzima ya kazi hii, MINEMA, ambayo ndiyo hiyo hiyo inayosimamia wakimbizi. Ilianza mwaka 2010 kwa jina la MIDIMAR. Chini yake kuna kamati za maafa za wilaya na za sekta. Polisi wanaitwa kwa namba 112, gari la wagonjwa kwa 912. Wako pia watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu.

Sasa, kwa heshima, tuseme neno la ukweli. Mipango hiyo huandikwa kwa Kiingereza na Kinyarwanda, na wengi wetu tunasoma Kiswahili, wengine hatusomi kabisa. Karatasi iliyobandikwa ofisini haiwezi kumwamsha bibi kizee usiku wa manane. Simu nayo inataka chaji, na chaji ni fedha. (Vijana wanacheka, lakini wao ndio wa kwanza kuzimikiwa.)

Kwa hiyo tunaomba mambo machache. Kamati ya sekta inapokaa, mjumbe wa wakimbizi aitwe, asikilize na kusema. Onyo la mvua kubwa lifike kwetu kwa Kiswahili, kwa kipaza sauti, kabla giza halijaingia. Ionyeshwe wazi njia ya kukimbilia mlimani na ile ya kukimbia mpaka, maana hazielekei upande mmoja. Na ikiwa watu wa usalama wanaona mahali tunapolala pana hatari, watuhamishe mapema. Tutafunga maturubai yetu bila kunung'unika.

Kwa upande wetu, kila kartie itatoa walinzi wawili wa usiku, mmoja awe mwanamke, kwa sababu akina mama ndio wanaojua nyumba zenye wagonjwa, vipofu na waja wazito. Tunazo filimbi, machela hatuna. Majina yaletwe kwa katibu Jumamosi, mara baada ya umuganda.