Walioanguka Mwaka 250: Mhadhara juu ya Wokovu na Hofu ya Kuupoteza



Je, aliyeokoka anaweza kuupoteza wokovu wake? Swali hili huzuka karibu kila semina ya vijana, na kwa kawaida hujibiwa kwa kurushiana mistari. Mmoja anafungua Yohana 10, Bwana anapoahidi kuwalinda kondoo wake. Mwingine anafungua Waebrania 6, penye onyo kali kuhusu walioionja neema kisha wakaanguka. Mwisho wa ubishi kila mtu anaondoka na msimamo aliokuja nao. Jioni hii naomba tuanze na watu, maana upo mji wa Afrika ambako walioanguka walisimama mlangoni mwa kanisa kwa maelfu, wakitaka jibu.

Mwishoni mwa 249 Kaisari Decius aliamuru wakazi wa dola ya Roma waitolee miungu sadaka, waionje, kisha wapewe hati ya kuthibitisha. Mchanga wa Misri umetuhifadhia zaidi ya 40 ya hati hizo, nyingi za Juni na Julai 250. Zinafuata mtindo mmoja: jina la mwombaji, mahali anapotoka, tamko kwamba hajawahi kuacha kuiheshimu miungu na kwamba sasa ametoa sadaka mbele ya kamati, kisha uthibitisho wa walioshuhudia. Moja ni ya Aurelia Ammonous, kuhani wa kike wa mungu mamba. Hata yeye alitakiwa kuwa na hati! Amri ilikuwa ya raia wote, lakini Mkristo ndiye aliyebanwa nayo kooni.

Huko Carthage, katika Tunisia ya leo, askofu alikuwa Cyprian. Anasimulia kwa uchungu jinsi waumini walivyokimbilia wenyewe mahali pa sadaka kabla hata ya kukamatwa. Jioni, maofisa walipotaka kuwaahirisha hadi kesho, wapo waliowasihi wawahudumie siku ile ile. Wazazi walikuja na watoto wachanga mikononi. Wengine hawakugusa sadaka kabisa. Walitoa fedha wakapata hati. Cyprian mwenyewe alikuwa mafichoni, na lawama za jambo hilo zilimfikia hata kutoka Roma.

Dhoruba ilipotulia, wale walioanguka walitaka kurudi. Wengi walishika barua kutoka kwa ndugu waliokuwa wamefungwa na kuteswa kwa ajili ya imani, barua za kuomba mtu fulani apokewe pamoja na watu wake, bila kusema ni wangapi. Baadhi ya makasisi wakawapa Meza ya Bwana papo hapo. Huko Roma, Novatian, mwanateolojia hodari, akashika upande wa pili: Mungu akitaka atawasamehe, lakini kanisa halina ruhusa ya kuwarudisha, hata wakiwa kufani. Mwaka 251 akawekwa kuwa askofu mpinzani dhidi ya Cornelius, askofu wa Roma.

Cyprian alikataa njia zote mbili. Baraza la Carthage la 251 liliamua kila kesi ichunguzwe peke yake. Walionunua hati wangeweza kupokewa. Waliotoa sadaka wangekaa katika toba, wakipewa amani saa ya kufa. Hapo ndipo ninapoona uzito wa jambo hili. Tishio jipya la mateso lilipokaribia, Cyprian na maaskofu wenzake walilegeza uamuzi wao wenyewe, wakawapokea wote waliokuwa wakitubu. Hoja yao ilikuwa kwamba huwezi kumtaka mtu aimwage damu yake kwa ajili ya Kristo huku ukimnyima kikombe cha damu ya Kristo. Tena walikuwa na ushahidi. Cyprian anawataja Castus na Aemilius, walioshindwa katika mateso ya kwanza, wakaletwa tena, na mara hii wakaushinda moto.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Kuanguka ni kweli; asiyekubali hivyo akasome tena habari za waliokimbilia sadaka Carthage. Ila kosa letu kubwa limo katika kugawa maneno ya Maandiko. Waraka kwa Waebrania unawaonya watu ambao bado wamesimama, wanaochoka na kutaka kuacha. Ahadi za Yohana zinamfuata kondoo aliye hatarini. Sisi tumegeuza: mwenye kujiamini tunambembeleza kwa ahadi, na binti aliyepata mimba kabla ya ndoa, aliyekwisha kuvunjika moyo, tunamsomea onyo huku amewekwa benchi la nyuma. Nalisema hili kwa huzuni, na nalisema kwa makanisa yetu yote.

Augustine wa Hippo, karne ya tano, alifundisha kwamba kudumu hadi mwisho ni zawadi ya Mungu, wala hakuna ajuaye kwa hakika, akiwa bado hai, kama amepewa. Sinodi ya Dort ya 1618 hadi 1619 ilitamka kwamba wateule huweza kuanguka vibaya, kama Daudi na Petro, lakini Mungu hawaachi wapotee kabisa. Wafuasi wa Wesley hawakukubali. Ubishi huo ni wa heshima, na sidhani utaisha.

Hapa kwetu, Uamsho ulioenea kutoka Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930 ulikuwa na busara yake. Walokole, yaani watu wa Uamsho huo, waliungama hadharani wao kwa wao, waliookoka zamani pamoja na wapya, na kuungama huko wakakuita kutembea nuruni. Aliyeokoka alitarajiwa kutubu tena na tena, na kutubu kwake hakukuchukuliwa kuwa dalili kwamba hakuwahi kuokoka.

Tukirudi kwa Novatian, kanisa lake liliendelea kuwapo kwa vizazi, likijivunia usafi wake. Baraza la Nicaea la 325 lilipowafikiria makasisi wake waliotaka kurudi, liliwawekea sharti: waahidi kwa maandishi kwamba watashiriki Meza ya Bwana pamoja na walioanguka wakati wa mateso na kupangiwa muda wa toba.