Mshahara wa polisi mpya na miezi ile asiyolipwa

(Maneno ya komite mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, Baraka, 2018. Tumeyaandika karibu sawa vile yalivyosemwa.)

Jua ni kali na chakula kiko motoni, kwa hiyo hatutazunguka sana.

Mwaka jana mlitupa kazi. Mlisema: komite, kila mwaka watoto wetu wanaingia polisi, kila mwaka tunawachangia, na kila mwaka tunagombana juu yao. Nendeni mkaulize. Polisi mpya analipwa nini, analipwa lini, na mchango wetu unafanya nini pale? Basi tumeuliza. Tumekaa na vijana saba wa chama walioandikishwa, tumekaa na wazazi wao, na kijana wetu anayesoma sheria ametusomea sheria yenyewe na kututafsiria kutoka Kifaransa.

Tuanze na ile habari ya barieri, maana ndiyo iliyoleta ugomvi. Mama mmoja wa kikundi cha muhogo alikuwa anatoka shamba na beseni kichwani. Pale barieri polisi akamwambia aache kitu. Mama akamtazama usoni, akamjua. Alimnywesha uji mtoto huyo Lugufu, nyumba zao zilitazamana.

"Wewe! Si wewe mutoto wa jirani yangu?"

Kijana akaangalia chini. "Ni mimi, mama. Lakini unisamehe, uache tu kitu. Mukubwa anangoja rapo ya mangaribi."

Mama akaacha franka 200, akaenda zake. Alipotueleza hapa kwenye uwanja huu alianza kwa kucheka na akamaliza kwa kulia. Wengi walisema kijana afukuzwe kwenye chama na jina la familia yake lifutwe. Sisi wa komite tulikuwa kati yao, tusifiche. Leo tunakuja na maneno tofauti kidogo.

Kwanza sheria. Ipo, na si mbaya. Ni sheria nambari 13/013 ya tarehe 1 mwezi wa 6, 2013, inayoeleza haki na kazi za polisi wa kudumu. Inampa polisi mshahara, na pamoja na mshahara inataja mambo ya familia, nyumba, usafiri, matibabu, hata mazishi. Na juu yake kuna Katiba ya 2006, kifungu cha 36, kinachotaka mfanyakazi alipwe malipo ya haki, yanayotosha yeye na familia yake waishi kwa heshima. Kijana wetu aliposoma hapo wazee wawili walicheka kwa sauti. Siye Wakongomani kifungu tunachokijua sana ni cha 15, kile ambacho hakikuandikwa mahali popote: jitafutie mwenyewe.

Sasa pesa. Vijana walituonyesha walichopokea. Hakuna hata mmoja wa ngazi ya chini aliyefika franka 100,000 kwa mwezi. Tuchukue 90,000 ili hesabu iwe rahisi. Mwanzo wa 2016 dola moja ilikuwa franka 930 hivi, kwa hiyo 90,000 ilikuwa kama dola 97. Leo dola moja inapita franka 1,600. Zile 90,000 ni zile zile, karatasi ni ile ile, lakini sasa ni dola 56. Hakuna aliyekata mshahara wake, hakuna barua aliyoandikiwa, na dola 40 zimekwenda. Na sisi wa kando ya ziwa hatuhitaji mwalimu wa hesabu katika jambo hili. Sabuni na bati zinazovuka kutoka Kigoma, nyumba ya kupanga, dawa, vyote bei yake inatazama dola.

Tena ndani ya hizo franka, mshahara wenyewe wa msingi ni kidogo. Kilicho kikubwa ni primu. Ni hivyo kwa watumishi wengi wa serikali yetu. Kuhusu posho ya nyumba na ya usafiri, tuliwauliza wote saba kama waliwahi kuiona imeandikwa peke yake. Walitazamana. Mmoja akajibu, "Nyumba gani, papa?" Analala kwa shangazi yake na watoto watano.

Lakini tuseme na lililo zuri, ili mtu asiseme komite inalia tu. Zamani pesa ya askari ilishuka kutoka Kinshasa ikipita mikononi mwa wakubwa wake, na kila mkono ulibaki na kitu. Watu wa Umoja wa Ulaya waliokuja 2005 kusaidia jeshi walisukuma jambo moja la akili sana: njia ya pesa itengwe na njia ya amri, anayekuamuru asiwe yeye anayekulipa. Kisha tangu 2011 serikali ikaanza kulipa watumishi wake kupitia benki. Kwa polisi aliye mjini, hilo limepunguza mikono. Kwa aliye kwenye posti ya ndani, huku Fizi, benki ni safari. Baraka mpaka Uvira ni karibu kilomita 90, na barabara ile wakati wa mvua mnaijua. Atoe nauli ya kwenda, alale, ale, apange mstari, atoe nauli ya kurudi. Pesa inafika nyumbani imechoka.

Hayo yote, ndugu zetu, ni ya mtu ambaye tayari analipwa. Shida kubwa tuliyoikuta iko mbele ya hapo, na hatukuwa tunaiona.

Kijana anatoka mafunzo. Anapewa posti, anavaa kofia, analinda, anapiga zamu usiku. Lakini jina lake bado halijaingia kwenye listi ya malipo. Anangoja matrikule, kisha anangoja kuhesabiwa, kisha anangoja jina litokee. Wazazi mnalijua jambo hili kwa walimu, wale tunaowaita NU, wanaofundisha mwaka baada ya mwaka wakingoja kumekanizwa. Lakini mwalimu asiyelipwa na serikali ana kikao cha wazazi. Mnakaa, mnabishana, mnapanga primu, mtoto anasoma. Polisi asiyelipwa hana kikao cha wazazi. Ana barieri.

Kati ya vijana wetu saba, aliyengoja kidogo alingoja miezi mitano. Aliyengoja sana bado anangoja, na huu ni mwezi wake wa 14.

Na katika miezi hiyo hana mshahara ila ana deni la kila siku. Wao wanaliita raportaji: jioni mdogo anampelekea mkubwa kitu alichopata mchana, na mkubwa naye ana mkubwa wake. Asiyeleta kitu anahamishwa, anapelekwa kulinda mahali pasipo na mtu wala mbuzi. Ndiyo ile "rapo ya mangaribi" aliyoitaja yule kijana. Hatusemi hivyo ili kumsafisha. Franka 200 za mama ni franka 200. Tunasema ili mjue zilikwenda wapi: kwake hazikulala.

Sasa mtazame pesa ya chama. Tulipofungua daftari la miaka mitatu tuliona aibu. Tulichangia nauli ya kwenda mafunzo, tulichangia viatu, tulichangia sherehe ya kumuaga, na sherehe moja ilikula kuliko nauli. Siku alipovaa kofia tulifunga mfuko na kusema: huyu sasa ni wa serikali. Yaani tulimbeba mpaka mlangoni mwa njaa, kisha tukarudi nyumbani tukiimba. Mmoja wao aliuza simu, akakopa mtaani dola 20 za kurudisha 30 mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi haukuleta kitu.

Kuna jambo jingine kwenye daftari na lazima tulisome mbele yenu. Mwaka 2016 mtu mmoja alitujia, akasema anaweza kuingiza jina la kijana wetu kwenye listi ya kuandikishwa kama tutampa dola 150. Tulimpa. Jina halikutoka, na simu ya mtu yule haipiti mpaka leo. Wafadhili, pesa hiyo haikuwa yenu. Ilikuwa ya likelemba ya wamama, na kwa hiyo inatuuma zaidi. Watatu kati yetu tuliokubali tunairudisha kidogo kidogo. Imebaki dola 45. Mtu akija tena kuuza nafasi ya kuandikishwa, msimpe hata chai.

Sasa karatasi. Hapa tunaomba hasa waliorudi kutoka Tanzania wasikilize, maana shida hii ni yetu kuliko ya wengine. Ili familia ya polisi ihesabiwe kwenye dosie yake, serikali inataka kuona karatasi ya ndoa na karatasi za kuzaliwa za watoto. Vijana wetu wengi walioa kambini. Mahari ilitolewa, wazee walikunywa, pasteri alibariki, na kwa siye ndoa ilikamilika. Lakini kwenye eta sivili hapa hakuna kitu. Watoto waliozaliwa Lugufu au Nyarugusu wana karatasi ya kambi au hawana kabisa. Hata waliozaliwa hapa, wazazi wanakawia. Sheria ya kulinda mtoto ya 2009 inatoa siku 90 za kuandikisha mtoto aliyezaliwa. Zikipita, inabidi kupitia kwa tuzo ya mahakama, na hapo gharama zinaanza. Katika wale saba, wanne wana wake na watoto. Kwenye dosie zao za polisi, watatu kati ya hao wanne wanaonekana wavulana wasio na mtu. Akifa kesho, Mungu apishe mbali, mjane wake ataanzia wapi?

Wazee wengine wametuambia: basi tusipeleke watoto polisi, iwe mwisho. Tumelifikiri hilo. Mwezi wa 9 mwaka jana milio ilifika mpaka Uvira. Mwezi wa kwanza mwaka huu jirani zetu wa Fizi walipanda tena mitumbwi kukimbilia ng'ambo. Siye tuliorudi kwa meli toka Kigoma kuanzia 2005, tukashuka hapa Baraka na masufuria yetu tukibusu mchanga, hatukudhani tutaiona tena mitumbwi ile ikienda imejaa upande ule. Kama posti zitakuwapo, na zitakuwapo, sisi tunaona afadhali pale awepo mtoto ambaye mama anaweza kumwita kwa jina na akaangalia chini. Kijana asiyekuwa wetu asingeangalia chini.

Kwa hiyo komite inaleta pendekezo. Sherehe ya kuaga tuiache, aliye na kuku achinje nyumbani kwake. Pesa ile iwe mfuko wa miezi sita ya kwanza baada ya mafunzo: kila mwezi kilo 25 za unga wa muhogo na dola 15 kwa nyumba ya kijana ambaye jina lake bado halijatoka. Si mkopo. Siku anapolipwa mara ya kwanza mfuko unasimama, hata kama ni mwezi wa pili. Naye ataahidi mbele ya wazazi wake na mbele ya kikundi cha muhogo kwamba hachukui kitu kwa mtu mwenye beseni. Hatutamwuliza yeye kama anatimiza. Tutawauliza wamama wanaopita. Wakisema hapana mara mbili, unga unakatwa.

Je, miezi sita inatosha kwa yule wa mwezi wa 14? Haitoshi. Lakini tumepiga hesabu ya mchango wa franka 1,000 kwa kila mwanachama na hatuoni zaidi. Na raportaji hatuna uwezo wa kuizuia. Tunachoweza ni kumpa kijana tumbo lililoshiba ili akubali kuhamishwa kuliko kumvua mama yake.

Mzee wetu mmoja ndani ya komite hakukubali. Amesema tunalipa kazi ya serikali, na serikali ikijua tunalipa italala zaidi. Hatukuwa na jibu zuri. Pingamizi lake limeandikwa kwenye daftari, ukurasa wa 31, na ameomba tuseme kwamba franka 1,000 yake atatoa hata hivyo.

Wafadhili wetu, tunajua masharti yenu. Mlishatueleza kwamba pesa yenu haiwezi kwenda kwa mtu mwenye bunduki, na hatuombi hivyo. Unga na dola 15 tutabeba wenyewe. Kwenu tunaomba gharama za karatasi: ndoa na watoto, kwa wanachama wote waliorudi, si kwa familia za polisi tu. Tumehesabu watoto 63 wasio na karatasi katika nyumba za chama. Orodha mnayo kwenye bahasha, pamoja na bei tulizoambiwa kwa kila hatua. Bei ambazo hazina risiti hatukuziweka.

Kura itapigwa baada ya chakula, kwa kunyoosha mkono. Wenye watoto ambao wako mafunzoni sasa waandike majina kwa karani mbele ya kuondoka, wataje na mwezi mtoto anaotazamia kumaliza. Na yule mama wa beseni ameomba asimame aseme neno yeye mwenyewe. Tunampa nafasi.