Saa za Treni na Haki ya Msafiri



Tumezoea kudhani kwamba haki hujadiliwa mahakamani na bungeni peke yake. Leo tunawaalika tuitafute stesheni.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Wakoloni wa Kijerumani waliijenga kwa manufaa yao, lakini wananchi waliifanya kuwa yao: kandokando yake ilikua miji, na masoko yakafuata saa za treni. Mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kubeba abiria katika reli mpya, kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma. Safari hiyo huchukua saa nne hivi au pungufu, na treni huondoka zaidi ya mara moja kwa siku. Tunamshukuru Mungu, na tunawashukuru waliotoa jasho lao.

Hata hivyo, msafiri wa Kigoma kwa reli ya zamani, umbali wa kilometa zipatazo 1,250, huwa njiani karibu siku mbili, na treni yake haiji kila siku. Hapa tufanye hesabu. Safari haianzi gari linapoondoka; huanza mtu anapohitaji kusafiri. Treni ikipita mara mbili kwa juma, aliyeikosa leo atangoja siku tatu au nne. Kumpunguzia saa tano za njiani ni faraja ndogo, ikiwa amekwisha kulala siku tatu kwenye sakafu ya stesheni. Mwenye fedha hupanda basi. Mgonjwa maskini na mama mwenye matenga ya nyanya hungoja, na nyanya hazingoji. Kungoja huko ni kodi isiyoandikwa popote, nayo hulipwa na wanyonge.

Hatusemi kwamba mwendo wa kasi ni mbaya. Tunasema kwamba idadi ya safari, uaminifu kwa ratiba, na kusimama katika stesheni ndogo ni sehemu ya manufaa ya wote, sawa na kasi.

Kwa hiyo tunaziomba jumuiya ndogo ndogo zilizo kando ya reli ziandike, kwa mwezi mmoja, siku na saa treni ilipotazamiwa na ilipofika. Kamati za parokia ziwapelekee wahusika taarifa hiyo kwa heshima na ukweli. Manung'uniko husahauliwa, daftari halisahau.

Mungu awabariki.