Sauti Ni Kipawa, Uimbaji Ni Kazi



Leo twapenda kuzungumza nanyi juu ya kazi moja ambayo wengi hawaihesabu kuwa ni kazi, nayo ni uimbaji. Hatusemi habari za kuimba shambani wakati wa palizi, wala kuimba harusini kwa furaha, ingawa nyimbo hizo ni njema na twazipenda. Twasema habari za watu waliojifunza kuimba kama seremala alivyojifunza kuranda mbao, ambao hula kwa jasho la sauti zao. Hasa tutaeleza juu ya waimbaji wa opera.

Tuna sababu ya kuchagua jambo hili. Mtu akipita Elerai, katika mji wa Arusha chini ya Mlima Meru, siku ya Jumapili asubuhi, atasikia kwaya kabla hajaona kanisa. Na katika kwaya nyingi yumo kijana mmoja ambaye sauti yake huwafanya watu wageuze vichwa. Watu husema, "Huyu amejaliwa," kisha maneno huishia hapo. Lakini baba na mama yake hawawezi kuishia hapo. Hao hujiuliza usiku: Je, sauti hii yaweza kumlisha mtoto wetu? Na kama yaweza, itagharimu nini, na nani atakayelipa? Swali hilo ndilo tutakalojaribu kulijibu.

Kwanza, opera ni nini? Ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake, yote au karibu yote, huimbwa, huku kundi kubwa la wapiga vinanda, zeze, filimbi, tarumbeta na ngoma likipiga pamoja na waimbaji. Sanaa hii ilizaliwa katika nchi ya Italia karibu na mwaka 1600. Mwanzoni ilichezwa katika majumba ya wakuu tu. Lakini mwaka 1637 katika mji wa Venice ilifunguliwa nyumba ya kwanza ambayo mtu yeyote mwenye kulipa kiingilio aliweza kuingia. Tangu siku hizo mwimbaji wa opera amekuwa mtu wa kazi, mwenye mapatano na mshahara.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Siku hizi kwaya zetu huimba kwa vipaza sauti, hata katika kanisa dogo. Mwimbaji wa opera kwa desturi hana kipaza sauti. Nyumba ya opera ya Metropolitan huko New York ina viti vipatavyo 3,800, na mwimbaji hana budi kusikika mpaka kiti cha mwisho, juu ya sauti za vyombo vingi vinavyopigwa kwa pamoja. Afanyaje? Wengi hudhani kwamba hupiga kelele. La, angepiga kelele, sauti yake ingekwisha kabla ya mwezi kupita.

Siri yake ni hii. Koo letu lina nyuzi mbili za nyama, ambazo urefu wake kwa mtu mzima ni kati ya sentimita 1 na 2 hivi. Pumzi ipitapo, nyuzi hizo hutetemeka. Mwanamke mwenye sauti ya juu kabisa, iitwayo soprano, akifikia nota zake za kileleni, nyuzi hizo hutetemeka zaidi ya mara 1,000 katika sekunde moja. Nguvu ya vyombo vingi vikipigwa pamoja hukaa zaidi katika sauti za chini na za katikati. Basi mwimbaji hufundishwa kuitengeneza nafasi ya koo na kinywa chake hata sauti ipate mng'ao mkali, mahali palipo juu ambapo vyombo havina nguvu nyingi. Ni kama filimbi ya mchungaji: ni ndogo, lakini husikika katikati ya ngoma kubwa, kwa sababu imepata njia yake yenyewe. Hivyo mwimbaji hashindani na vyombo kwa nguvu, bali huvishinda kwa ustadi.

Ustadi huo hauji kwa siku moja. Ninyi mlio na mashamba katika miteremko ya Meru mwajua ya kuwa mche wa kahawa huchukua kama miaka mitatu kabla ya kuzaa sawasawa, na mtu akiulazimisha, huuharibu. Sauti ni hivyo hivyo, tena ni ya polepole zaidi. Sauti ya mvulana hubadilika anapobalehe, na wakati huo haifai kuilazimisha kupanda juu. Mafundisho makubwa huanza kwa kawaida mtu akiwa na miaka 17 au 18. Hapo hukaa chuoni miaka minne au zaidi, kisha huenda katika shule nyingine ya waimbaji vijana, akipewa sehemu ndogo ndogo za kuimba. Na sehemu nzito kabisa za opera hazifai kuimbwa mpaka mwili umekomaa, hata miaka 30 na kitu.

Katika miaka hiyo hujifunza nini? Hujifunza kupumua, maana pumzi ndiyo mali ya mwimbaji. Hana budi kuitoa kidogo kidogo kama mtu atumiaye akiba yake kwa busara. Hujifunza kusoma muziki. Wanakwaya wetu wengi husoma kwa herufi za do, re, mi, na hiyo ni elimu njema. Lakini mwimbaji wa opera lazima asome pia nota zilizoandikwa juu ya mistari mitano. Hujifunza lugha, hasa Kiitaliano, Kijerumani na Kifaransa, tena asiimbe kama kasuku, bali ajue maana ya kila neno. Hujifunza kuigiza, kutembea jukwaani, na kufa kwa upanga huku akiimba. Juu ya yote hujifunza kuilinda sauti yake: kulala vya kutosha, kunywa maji, na kutopiga makelele. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Basi nani humlisha mtu katika miaka hiyo yote? Hapa ndipo ulipo moyo wa mazungumzo yetu. Twataka kuwapa habari za wanawake watatu.

Wa kwanza ni Marian Anderson, Mwamerika mweusi, aliyezaliwa Philadelphia mwaka 1897. Aliimba katika kwaya ya kanisa lake tangu utoto. Baba yake alikufa angali msichana, na mama yake hakuwa na fedha za mwalimu. Watu wa kanisa walichanga sarafu zao, maskini kwa maskini, wakamlipia mafundisho. Alipokwenda kuomba nafasi katika chuo kimoja cha muziki, alikataliwa kwa ajili ya rangi yake. Hakurudi nyuma. Aliendelea kufundishwa na mwalimu wa faragha, akaenda Ulaya, akapata sifa kubwa. Mwaka 1939 alizuiliwa kuimba katika ukumbi mmoja wa Washington. Ndipo akaimba nje, mbele ya sanamu ya Rais Lincoln, na watu wapatao 75,000 walisimama kumsikiliza. Hata hivyo ilikuwa mwaka 1955, alipokuwa na miaka 57, ndipo alipoitwa kuimba sehemu ya opera katika Metropolitan, mtu mweusi wa kwanza kupewa heshima hiyo. Fikirini: sauti ilikuwa tayari miaka mingi, lakini mlango ulifungwa. Senti za wale maskini wa kanisani zilifanya kazi yake. Ubaguzi wa wengine ndio uliopoteza miaka ambayo haikurudi.

Wa pili ni wa pwani yetu, naye ni Siti binti Saad. Hakuimba opera, aliimba taarabu. Lakini njia yake ni ile ile. Alizaliwa Fumba, Unguja, karibu na mwaka 1880, mtoto wa wafinyanzi, akitembeza vyungu na kuvinadi kwa sauti yake. Mwaka 1911 alihamia mjini. Huko watu wa muziki walimsikia, nao hawakutosheka kumsifu. Walimfundisha nyimbo, matamshi ya Kiarabu na namna ya kuimba pamoja na udi na fidla. Mwaka 1928 alisafiri na wenzake mpaka Bombay, sauti yake ikatiwa katika sahani za santuri, mmoja wa waimbaji wa kwanza wa Afrika ya Mashariki kupata jambo hilo. Sahani zile zilienea, na watu walimsikia ambao hawakuwahi kuiona Unguja. Alifariki mwaka 1950, na Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Sauti ya kunadi vyungu na sauti ya santuri ni sauti moja. Tofauti yake ni mafundisho.

Wa tatu ni wa siku zetu, Pretty Yende wa Afrika ya Kusini, aliyezaliwa mwaka 1985 katika mji mdogo wa Piet Retief. Aliimba kanisani na nyumbani, akidhani atakuwa mtu wa hesabu za fedha. Siku moja, akiwa na miaka 16, alisikia katika televisheni tangazo la biashara lenye wimbo wa wanawake wawili kutoka opera iitwayo Lakmé. Alimwuliza mwalimu wake shuleni ni kitu gani kile. Mwalimu akamjibu kwamba ni opera, na kwamba binadamu aweza kujifunza. Akajifunza katika Chuo Kikuu cha Cape Town, kisha Milan katika shule ya nyumba ya La Scala. Mwaka 2013 aliimba mara ya kwanza Metropolitan. Alipoingia jukwaani alijikwaa akaanguka, akainuka, akaimba, na watu wakamshangilia. Mwezi wa Mei mwaka 2023 aliimba London katika kutawazwa kwa Mfalme Charles wa Tatu. Kama mwalimu yule angemjibu, "Hayo si yetu sisi," huenda tusingelijua jina lake.

Lakini hatutaki kuwadanganya kwa habari za washindi tu. Wajifunzao opera ni wengi kuliko nafasi zilizopo. Mwimbaji husafiri kutoka mji hata mji akijaribiwa sauti mbele ya waamuzi, na mara nyingi hujibiwa, "Asante, mwingine." Apatapo kazi, mara nyingi hulipwa kwa kila onyesho, akishikwa na mafua siku hiyo, fedha hupata mwingine. Ujerumani yenye nyumba za opera zipatazo 80 huwa na waimbaji wa mshahara wa mwezi, na wengine hupata kazi ya kudumu katika kwaya za nyumba hizo. Wengi huwa walimu, na hiyo si aibu, kwa kuwa bila walimu wasingekuwapo waimbaji.

Tanzania haina nyumba ya opera. Hata hivyo njia haikufungwa. Karibu na Usa River, safari fupi kutoka Elerai, Chuo Kikuu cha Tumaini Makumira hufundisha muziki. Unguja kuna chuo kinachofundisha taarabu na muziki wa nchi za majahazi. Nairobi kuna chuo cha muziki kilichoanzishwa mwaka 1944. Na katika mji huo huo mwimbaji wa Kenya, Rhoda Ondeng' Wilhelmsen, amejitahidi kuileta opera kwa watu wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 2020 ilionyeshwa huko opera iitwayo Nyanga, ambayo muziki wake ulitungwa na Francis Chandler.

Basi twawashauri nini wazazi wa mtoto yule wa Elerai? Msiuze shamba kwa sababu ya sifa za siku moja. Mtoto na amalize shule, maana mwimbaji asiyejua kusoma lugha hafiki mbali. Mpelekeni kwa mwalimu ajuaye nota. Mzuieni asipige makelele kushindana na vipaza sauti. Mpeni miaka, kama mnavyoupa mche wa kahawa. Mwisho wake huenda akawa mwimbaji mkuu, huenda akawa mwalimu wa kwaya. Katika yote mawili hamtakuwa mmepata hasara.

Na kwenu ninyi mliobaki, majirani na washarika, tuna neno moja zaidi. Twapenda kumwita mwimbaji arusini, mazishini na mikutanoni, kisha twamlipa kwa sahani ya pilau na makofi. Seremala hatumlipi hivyo. Anayetaka kuvuna lazima achangie mbegu. Watu wa kanisa la Philadelphia hawakuwa matajiri kuliko watu wa Elerai. Walikubaliana tu kwamba sauti ya mtoto mmoja ni mali ya wote, na kwamba mali ya wote hutunzwa na wote. Haba na haba hujaza kibaba.

Jumapili ijayo mtakapogeuza vichwa kumtazama mwenye sauti ile, msiseme tu kwamba amejaliwa. Mwulizeni nani amfundishaye, na ada yake ni kiasi gani.