Kabla ya Kumlaumu Nesi Aliyeondoka
(Hotuba kwa vijana, Rabai)



Leo nataka tuongee kuhusu manesi na madaktari wetu wanaokwenda Uingereza, Saudia, Ujerumani na Marekani.

Nadhani wengi hapa mwamjua mmoja. Alisomeshwa kwa harambee, mzee akauza mbuzi, akamaliza chuo. Leo yuko ng'ambo. Sisi tukikaa maskani twasema, "Huyo ametutupa." Naomba tuyaache hayo maneno. Tuulize: kabla hajaondoka, nani alimwajiri?

Maana nchi hii ina uhaba wa manesi, na wakati huo huo ina manesi wenye leseni wamekaa nyumbani hawana kazi. Mwaka 2018 serikali ilileta madaktari 100 kutoka Cuba, na madaktari wetu wakauliza, mbona sisi hatuajiriwi? Julai 2021 ikatia saini mkataba na Uingereza wa kupeleka huko wahudumu wa afya waliokosa ajira hapa. Novemba mwaka huo huo, Kenya yenyewe ikaiomba Uingereza isichukue watu wetu nje ya mkataba huo. Mkono mmoja wasukuma, mwingine wavuta.

Na waliobaki kazini? Mgomo wa madaktari ulioanza Desemba 2016 ulidumu siku 100. Mwaka 2017 manesi nao wakagoma karibu miezi mitano. Mwaka 2024 madaktari wakarudi barabarani kwa siku 56. Sababu moja ni wanagenzi: makubaliano ya 2017 yaliwapa Sh206,000 kwa mwezi, serikali ikawaambia wachukue Sh70,000. Ukishamvunjia mtu ahadi namna hiyo, usimfuate uwanja wa ndege kumfundisha uzalendo.

Kuna wanaosema, "Si pesa zinarudi?" Kweli zinarudi. Mwaka 2024 Wakenya walio nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5. Karo zinalipwa, nyumba zinajengwa. Lakini mama wa Mwawesa akishikwa na uchungu saa nane usiku, bodaboda ikamfikisha zahanati, akakuta mlango umefungwa, hiyo pesa haiwezi kumzalisha. Anamhitaji mkunga aliye pale.

Tena kodi yetu, hata ya muuza maembe wa Mazeras, imesaidia kumsomesha yule nesi. Nchi tajiri inampokea akiwa tayari ameiva. Shirika la Afya Duniani lilipitisha kanuni mwaka 2010 kwamba nchi zenye uhaba mkubwa zisinyang'anywe wahudumu, lakini kanuni hiyo ni ya hiari. Haimfungi mtu.

Sasa tufanye nini? Tangu 2013 afya iko chini ya kaunti. Nesi wa zahanati ya Ruruma au Ribe huajiriwa na Kaunti ya Kilifi, si na Nairobi. Kwa hivyo mlango wa kubisha uko karibu.

Kwanza, bajeti. Makadirio ya kaunti hutakiwa kufika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili. Kifungu cha 196 cha Katiba kinalitaka bunge hilo litushirikishe. Kikao kikiitwa, twende, tusiwaachie wale wanaofuata soda na nauli. Tuulize: mwaka huu mnaajiri manesi wangapi, wanakwenda zahanati gani, ni ajira ya kudumu au kandarasi?

Pili, wakikataa kujibu, tuandike barua. Kifungu cha 35 kinakupa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Barua haihitaji wakili.

Tatu, wewe unayesomea uuguzi na nia yako ni kwenda, nenda kwa njia halali. Soma kandarasi yote kabla ya kutia saini, na nakala iache kwa wazazi.

Anayeondoka ana haki ya kutafuta riziki. Mama wa Mwawesa naye ana haki ya matibabu, kifungu cha 43 kimesema. Tusiwagombanishe hawa wawili. Aliyeshika bajeti ya kuajiri ndiye mwenye kujibu, na ofisi yake twaijua. Twendeni tukamuulize.