Hesabu ya Mgongo Unaouma



Nimeombwa nizungumzie kazi yangu. Nilikuwa tabibu wa zahanati mkoani Morogoro kwa miaka mingi, na baadaye nikawa miongoni mwa wanaotayarisha makadirio ya fedha za zahanati. Hesabu haikuwa somo langu la fahari hapa shuleni, na naona walioketi nami darasani wameanza kucheka. Basi leo nakiri kosa la hesabu.

Palikuwa na mama mmoja, mkulima wa mpunga. Kila mwezi alikuja kwa maumivu ya mgongo na magoti. Kila mwezi nilimpa vidonge vya diklofenaki, nikamwita mgonjwa mwingine. Mwaka wa tatu aliletwa akitapika damu. Dawa ile, ikitumiwa kwa muda mrefu, huweza kuleta vidonda vya tumbo. Namshukuru Mungu, alipona. Ndipo nilipomwuliza kwa mara ya kwanza anainamaje shambani, na ndoo za maji anazibeba kutoka wapi.

Uvivu ulikuwapo, sijitetei. Lakini pia makadirio yalikuwa na kifungu cha dawa, hayakuwa na kifungu cha muda wa kumsikiliza mtu. Nilipokuja kuyaandika mimi mwenyewe, nikayaandika vile vile.

Shirika la Afya Duniani linasema kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno. Mwongozo wake wa mwaka 2023 unataja mazoezi na kumwelimisha mgonjwa miongoni mwa tiba zinazofaa, na haushauri mikanda ya kiuno wala dawa za jamii ya afyuni.

Vijana, toeni kalamu. Chukueni wagonjwa 10. Kwa utaratibu wangu wa zamani kila mmoja anakuja mara 12 kwa mwaka, dakika 10 kila mara: saa 20 za mhudumu. Kwa utaratibu mwingine, kila mmoja anapimwa nusu saa siku ya kwanza: saa 5. Nusu saa hiyo msiipunguze. Ndipo tunapomtambua mwenye homa, aliyekonda, ambaye miguu inalegea au anayeshindwa kuzuia mkojo. Huenda ni kifua kikuu cha uti wa mgongo, na huyo apelekwe hospitali, si mazoezini. Kisha mazoezi ya pamoja, saa moja kwa juma, majuma 8: saa 8. Kurudi kuonwa mara mbili, dakika 10 kila mara: saa 3 na dakika 20. Jumla, saa 16 na dakika 20.

Mlitegemea tofauti kubwa zaidi? Hata mimi. Tena ongezeni siku za kumfundisha muuguzi, na nauli ya mtaalamu wa fiziotherapia kutoka hospitali. Mwaka wa kwanza huenda tusiokoe hata senti. Nalisema hili wazi kwa kuwa nimeona mipango mizuri ikiuawa na ahadi ya kuokoa fedha: mkaguzi anakuja, haoni akiba, kifungu kinafutwa. Tuombe fedha kwa sababu ya kweli, kwamba mama yule aweze kuinama tena kupanda mpunga bila kutapika damu.

Kuna gharama nyingine ambayo vitabu vyetu havina: nauli ya mgonjwa, na siku ya shamba anayoipoteza kila akija. Mama yule alipoteza siku 12 kwa mwaka. Utaratibu mpya nao unamtaka siku 11! Kwa hiyo mazoezi yafanyike karibu na nyumbani kwake, na yasiangukie msimu wa kupanda.

Hapo ndipo ombi langu, Mwalimu Mkuu. Ukumbi huu hautumiki Jumamosi asubuhi, na kijiji kiko nyuma ya uzio. Tupeni saa moja, majuma 8, baada ya mavuno. Kidato cha Tatu wawe na daftari: nani amekuja, ametoka wapi, ametumia nauli kiasi gani. Mikeka tutaleta sisi.