Gari la Mobius na Mshahara wa Fundi

(Hotuba kwa wanachama, Soko la Burma)



Sisi tunaopokea nyama na mizigo hapa Burma twajua thamani ya gari lisiloogopa mashimo. Gari la namna hiyo ndilo alilokusudia Mwingereza Joel Jackson alipoanzisha kampuni ya Mobius hapa Kenya. Mobius II la kwanza halikuwa na vioo vya madirisha wala mtambo wa baridi, na bei yake ilikuwa kama shilingi 950,000. Mwaka 2021 likaja Mobius III, bei karibu milioni 4. Mtu wa barabara ya vumbi akaachwa nyuma.

Agosti 2024 kampuni ikatangaza kwamba itafungwa. Baadaye mwezi huo ikasema imepata mnunuzi.

Ndugu, mnunuzi hununua mitambo na jina. Je, mshahara wa fundi? Sheria ya ufilisi ya 2015 yautanguliza mshahara wa miezi minne ya mwisho mbele ya wadai wa kawaida, lakini kwa kipimo. Basi tutunze hati zetu za mshahara tangu leo. Kiwanda kikifungwa, madai bila karatasi ni maneno matupu.

Umoja ni nguvu.